Floraidi ya maji imeharibu meno ya mwanangu, sasa daktari anataka kuyapaka floraidi tena. Hii imekaaje wakuu?

#1 Mwana wa Usa

Wakuu habari za jioni.

Mi mzaliwa wa Maji ya Chai, Arumeru. Anayepajua anapajua, asiyepajua angeziona picha zangu za harusi angeelewa, nimefunga mdomo picha zote kama niliyelazimishwa kuoa. Meno yangu ni ya kahawia toka yale ya ukubwani yaote, nimekuja Dar chuo nikaitwa Chai Rangi mpaka nimemaliza. Tulishaambiwa ni floraidi ya kwenye maji, nikakubali, nimeishi nayo.

Asa mwanangu ana miaka 7. Alikaa kwa bibi yake huko huko kijijini mpaka alipofika miaka 4 maana mi na mama yake tulikuwa bado tunahangaika na maisha hapa mjini. Meno ya mbele ya ukubwani ndo yanatoka, yana mistari myeupe kama chaki na moja lina doa la kahawia. Moyo umeniuma aisee. Wiki iliyopita usiku kalia jino, gego la utotoni limetoboka, nikampeleka kliniki moja hapa mjini wakaliziba. Daktari kakuta na mengine mawili yanaanza, akasema tumpake vanishi ya floraidi meno yote, tuwe tunarudia kila baada ya miezi 6, elfu 50 kila tukija.

Nikamuuliza, dokta, floraidi si ndo iliyomharibu huyu? Akanijibu ya kunywa na ya kupaka ni mambo mawili tofauti, akaangalia saa, nje kuna foleni.

Naomba wenye uelewa. Mtu kaungua moto, unamtibuje kwa moto? Au ndo napigwa?

#2 Kisauti

Vanishi? Ile ya kabati? Mwambie apige msasa kwanza halafu makoti mawili, mtoto aanikwe juani 🤣🤣

#3 Tangawizi Kavu

Unapigwa mkuu, tena mchana kweupe. Marekani wenyewe wamepiga marufuku floraidi mwaka 2025, nyie huku ndo mnaletewa mpakwe. Mbona babu zetu hawakupaka kitu na walikufa na meno yote 32?

#4 Gego la Mwisho

Mleta mada mi ni tabibu wa meno, nipo Morogoro, niko zamu ntaandika haraka haraka mnisamehe herufi.

Yale madoa ya mwanao hayakuingia kwa nje. Jino la ukubwani linatengenezwa ndani ya fizi miaka mingi kabla hujaliona, yale ya mbele linajengwa gamba lake kuanzia mtoto mchanga mpaka kama miaka 4 hivi, na akiwa anakunywa maji yenye floraidi nyingi kipindi hicho inaingia kwenye damu na kuvuruga ujenzi, ndo unapata chaki na kahawia. Likishatoka nje kazi ya ujenzi imeisha. Huwezi kupata madoa yale kwa kupakwa kitu juu ya jino lililokwisha kukomaa, kama ambavyo tofali likishachomwa hata ulimwagie udongo gani halibadiliki ndani.

Vanishi inafanya kazi nyingine kabisa. Ukila sukari bakteria walio kwenye ukoga wanaila na wao, wanatoa asidi, asidi inanyonya kalsiamu na fosfeti kwenye jino. Mate yanarudisha. Ni kuvutana kila siku kama kamba, asidi inavuta huku mate yanavuta kule, na tundu ni pale mate yaliposhindwa. Floraidi ikiwepo pale juu ya jino mate yanapata nguvu na kinachorudishwa kinakuwa kigumu kuliko cha mwanzo. Vanishi ni utomvu unaonata uliochanganywa na floraidi ya sodiamu asilimia 5, ukigusa mate unaganda, unakaa masaa kadhaa ukiachia floraidi taratibu, ndo faida yake kuliko kusukutua na kutema.

Kwaiyo dokta wako yuko sahihi ila kakujibu kwa kifupi mno.

#5 Tangawizi Kavu

#4 umeongea vizuri ila hujasema hiyo asilimia 5 ni kiasi gani. Nimegugo. Ni sehemu 22,600 kwa milioni. Maji ya kwao Usa River huko Arumeru yakiwa na sehemu 4 kwa milioni tunalia meno yameharibika, halafu unampaka mtoto 22,600? Hesabu za darasa la ngapi hizo?

#6 Gego la Mwisho

#5 swali zuri sana na sikejeli. Ukali sio sawa na wingi. Mtoto wa miaka 7 mwenye meno mchanganyiko anapakwa kama nusu mililita au pungufu, tuseme 0.4. Ndani yake kuna floraidi milligramu 9. Ukimpaka mara 2 kwa mwaka ni 18, na hapo chukulia kameza yote. Sasa chukua maji ya bibi yenye milligramu 4 kwa lita, ndo zile sehemu 4 kwa milioni, anywe lita 1 tu kwa siku. Kwa mwaka 1,460. Kila mwaka. Kipindi ambacho meno yanajengwa.

#7 Kisauti

Yani mmoja anaramba kifuniko cha konyagi Pasaka na Krismasi, mwingine anakunywa ndoo ya mbege kila siku asubuhi. Nani mlevi? Mahakama imefungwa.

#8 Fundi Bomba

Nipo Arusha kwenye mambo ya maji miaka mingi. #6 hesabu yako ina huruma. 4 ndo kilikuwa kiwango cha juu tulichojiruhusu Tanzania kwa miaka mingi wakati WHO wanasema 1.5, na sasa na sisi tumeshuka kwenye 1.5. Ila maji yenyewe hayasomi viwango. Kuna chemchemi na visima chini ya Mlima Meru vinapita 10. Na vijiji viwili jirani vinaweza kutofautiana kabisa, huku 2 kule 9, inategemea maji yamepita kwenye mwamba gani wa volkano.

Halafu mleta mada hujataja magadi. Huyo bibi anapika makande na nini?

#9 Mwana wa Usa

#8 magadi lazima, makande bila magadi si utalala njaa unasubiri yaive. Kwani nayo??

#10 Fundi Bomba

Nayo. Magadi ya huku kwetu yanakuja na floraidi yake humo humo. Kuna familia zimehamia kwenye maji mazuri na watoto bado wametoka na madoa, ukichunguza ni chungu cha makande. Sio wote wanakubali hili kwa uzito uleule, wengine wanasema maji tu yanatosha kueleza kila kitu, mi nasema angalia jiko.

#11 Mzee Mkongojo

Vijana, mnazunguka sana. Maji yachemshwe, kila kitu kinakufa humo. Na mtoto afundishwe mswaki wa mti, ule msuaki wenyewe, sio plastiki. Mimi nina miaka 71, meno yangu natafuna mifupa.

#12 Fundi Bomba

Shikamoo mzee wangu. Kuchemsha kunaua vijidudu, floraidi si mdudu, ni madini. Ukichemsha maji yanapungua kwa mvuke, floraidi inabaki palepale, kwaiyo yanazidi kuwa makali. Naomba radhi kukurekebisha.

Ya kuitoa floraidi ni mkaa wa mifupa ya ng'ombe, inachomwa kwa hewa kidogo halafu maji yanapitishwa humo, pale Ngurdoto kuna kituo cha serikali kimefanya kazi hiyo muda mrefu. Nyingine ni shabu na chokaa, unakoroga unaacha itulie. Au kinga mvua, maji ya mvua hayana shida hiyo.

#13 Mzee Mkongojo

Marahaba. Sawa nimekusikia kwenye kuchemsha. Kwenye mswaki wa mti sirudi nyuma.

#14 Kisauti

#12 mifupa ya ng'ombe una uhakika? Isije ikawa ya kitimoto watu wakanywa bila kujua

#15 Bibi Karafuu

Wewe Kisauti mdomo wako una kazi kweli. Lakini kwa kuwa umefungua mlango na mimi niulize la kwangu, niko Pemba. Binti yangu alipakwa hiyo vanishi Mombasa alipokwenda kwa shangazi yake, aliporudi nikakisoma kikaratasi alichopewa, ndani kumeandikwa kuna ethanoli. Si pombe hiyo? Na jengine, mtu akipakwa mchana wa Ramadhani swaumu yake vipi?

#16 Gego la Mwisho

Bi mkubwa shikamoo. Ni kweli nyingi zina ethanoli, inatumika kuyeyusha ule utomvu, ikipakwa inaruka hewani ndani ya muda mfupi na kubaki utomvu na floraidi. La hukmu yake mi sio mtu wake. La Ramadhani mi wagonjwa wangu wafungaji nawapangia baada ya Ramadhani, yaishe, maana ladha lazima uisikie na kumeza kidogo hukwepi.

#17 Bibi Karafuu

Marahaba mwanangu. Sheikhe wetu kasema dawa ya kupaka haina neno, wa msikiti wa pili kasema ina neno. Mimi nimebaki katikati na mafuta yangu ya karafuu.

#18 Chura wa Ziwa

Mi naomba niongelee upande mwingine maana naona wote mpo kwenye kutoboka. Nina miaka 34 nipo Mwanza, meno yangu hayajatoboka hata moja ila yana ganzi ya ajabu.

#19 Kisauti

Ganzi si ndo vizuri, yatang'olewa bila sindano

#20 Chura wa Ziwa

🤣 sio ganzi ya sindano bana, ganzi ile ya embe bichi. Ile ukila maembe mabichi na pilipili mpaka ukipitisha ulimi kwenye meno unasisimka mwili mzima. Mi nlikuwa nayo kila siku bila embe. Maji ya friji siwezi, upepo wa bodaboda siwezi nafunga mdomo toka Igoma mpaka mjini, hata uji.

Chanzo chake najijua. Nliona klipu TikTok mtu anasugua meno na mkaa, limao na magadi soda, siku 7 meno kama maziwa. Nlisugua mwezi mzima. Yaling'aa kweli wiki ya kwanza halafu ndo ikaanza hiyo kitu. Nikaenda hospitali moja ya misheni, dokta akasema nimekwangua, na fizi zimeshuka kwa sababu nilikuwa natumia mswaki mgumu nikikandamiza kama nafua jinzi. Akanipaka hiyo vanishi, elfu 20, sio 50. Ya njano inanata kama gundi ya maandazi ya shule. Siku ya tatu nlikunywa maji ya friji, nikasimama jikoni nikalia machozi ya furaha sitanii.

Ila miezi mitatu ikarudi. Nimepakwa tena mara ya pili, haikuisha yote kama mara ya kwanza. So mi siwezi kusema ni dawa, siwezi kusema sio dawa.

#21 Gego la Mwisho

#20 umeelezea vizuri kuliko kitabu. Chini ya gamba la jino kuna sehemu laini yenye vijitundu vidogo mno vinavyoelekea kwenye mshipa wa fahamu, ndani yake kuna majimaji. Gamba likikwanguka au fizi ikishuka vijitundu vinabaki wazi, ubaridi ukigusa majimaji yanasogea na mshipa unashtuka. Vanishi inaviziba, kwanza ule utomvu wenyewe halafu chembe za kalsiamu floraidi zinabaki humo. Zikiisha kwa kupiga mswaki na asidi, vinafunguka tena. Ndo maana inarudi. Na kama limao bado lipo hata upakwe kila Jumatatu.

Kule Marekani vanishi iliporuhusiwa mwaka 1994 iliruhusiwa kwa ajili ya hiyo ganzi, ya kuzuia kutoboka madaktari waliitumia tu kwa uamuzi wao. Wazungu wa Ulaya ndo walianza nayo zamani, Mjerumani aliitengeneza miaka ya 60.

#22 Chura wa Ziwa

Limao nimeacha. Ukwaju bado 🙈

#23 Msee wa Naks

Wasee wa Bongo sasa mnaongea kama nyinyi pekee mko na hii shida, huku Nakuru tuko na nyinyi pamoja, ni Bonde la Ufa moja. Sisi tukienda Nairobi wanajua tu umetoka wapi ukicheka. Dayosisi ya Katoliki ya Nakuru ilikuwa inatengeneza filta za mkaa wa mifupa, mamangu alikuwa nayo kwa jikoni, maji ikitoka pale iko sawa lakini ile ya kwanza ilikuwa inanuka kidogo mfupa ukichomwa vibaya. Fundi Bomba atanielewa.

Sasa swali yangu kwa dokta. Nilisikia mtu akiwa na meno ya brauni hayaozi. Mimi nina brauni na nimeng'oa mbili. Inakuwaje?

#24 Gego la Mwisho

#23 yote mawili yapo. Madoa mepesi mara nyingi hayo meno yanastahimili kuoza kuliko ya kawaida. Yakiwa makali, jino linakuwa na vishimo na gamba linabomoka vipande, chakula kinakaa humo, linaoza vizuri tu. Mwana wa Usa nadhani ya mwanao ni mepesi kwa ulivyoeleza. Ila yaliyooza kwa mwanao ni ya utotoni, na hapo kesi ya kwanza ni sukari sio maji. Anakula nini?

#25 Mwana wa Usa

#24 ubuyu. Mama yake ni wa Tanga, ubuyu haukosekani nyumbani. Na juisi za unga za shule. Ila sio nyingi jamani, pakiti moja ya ubuyu anakaa nayo mchana mzima.

#26 Gego la Mwisho

Mchana mzima ndo shida yenyewe! Angeimaliza dakika tano akanywa maji ingekuwa nafuu. Kila ukiweka sukari mdomoni asidi inafanya kazi kama nusu saa hivi. Yeye hajaipa mate nafasi hata kidogo. Ubuyu una uchachu wake na sukari juu, umepata vyote.

#27 Bibi Karafuu

Sasa mnagusa ubuyu. Tutakosana.

#28 Tangawizi Kavu

Mnaona? Toka #1 mpaka hapa imeonekana tatizo ni ubuyu. Acha ubuyu, okoa elfu 50. Na mi naomba ushahidi wa hiyo vanishi, sio stori. Na meno ya utotoni si yatang'oka tu? Unapaka rangi nyumba inayobomolewa.

#29 Gego la Mwisho

Ushahidi: Cochrane, wale wanaokusanya na kupima tafiti za tiba, walipitia majaribio 22 mwaka 2013, watoto zaidi ya elfu 12. Kuoza kulipungua wastani wa asilimia 43 kwenye meno ya ukubwani na 37 ya utotoni ukilinganisha na ambao hawakupakwa.

Ya utotoni yanashika nafasi ya yanayokuja, yakitoka mapema mengine yanapinda. Gego la utotoni linakaa mpaka miaka 10, 11, huyu ana 7. Mi nimeshaona mtoto kavimba shavu usaha mpaka chini ya jicho kwa gego ambalo baba yake alisema litang'oka tu. Na usisahau ana magego mapya ya ukubwani nyuma kabisa, huwa yanatoka miaka 6 kimyakimya wazazi wanadhani ni ya utotoni. Hayo ndo mi ningeyapaka kwanza, na kuziba mifereji yake ya juu.

#30 Mama Pacha Glasgow

Nimesoma wote. Huku Scotland wangu wanapakwa nasari mara mbili kwa mwaka kuanzia miaka 3, bure, ni mpango wa serikali unaitwa Childsmile. Wanakuja wadada na tochi na brashi, dakika mbili mtoto kamaliza kapewa stika. Siku hiyo hapigi mswaki usiku na hali vigumu, nawapa wali laini.

Lakini niseme na hili kwa uaminifu. Hukuhuku walifanya jaribio kwa watoto wa nasari ambao tayari wanapigishwa mswaki shuleni kila siku kwa dawa ya floraidi, wakagawa, nusu wakaongezwa vanishi. Haikuonekana tofauti kubwa. Kwaiyo #29 asilimia zako inategemea mtoto anaanzia wapi.

Na #3, Marekani haijapiga marufuku floraidi. Ni Utah, baadaye Florida, na ni ya kuweka kwenye maji ya bomba tu, sio dawa ya mswaki, sio vanishi.

#31 Gego la Mwisho

#30 nakubali, la nasari nalijua. Kwa mtoto anayepiga mswaki mara 2 kwa dawa yenye floraidi, anatema bila kusukutua na maji, faida ya nyongeza ni ndogo. Ila mama, nitajie watoto wangapi wa hapa Morogoro wanapiga mswaki usiku.

#32 Chura wa Ziwa

Subiri, anatema BILA kusukutua?? Mi nasukutua mpaka jagi linaisha

#33 Gego la Mwisho

Unaimwaga yote hiyo. Tema, acha. Na mtoto chini ya miaka 3 kiasi cha punje ya mchele, kuanzia hapo mpaka 6 punje ya njegere, sio ule mstari mrefu wa kwenye tangazo.

#34 Tangawizi Kavu

Hii hamjaijibu. Agosti 2024 taasisi ya sumu ya serikali ya Marekani imetoa ripoti, floraidi inahusishwa na akili za watoto kushuka. Sio mimi, ni wao.

#35 Mama Pacha Glasgow

Nimeisoma hiyo. Wamesema maji yanayozidi milligramu 1.5 kwa lita, kwa uhakika wa wastani. Chini ya hapo walisema ushahidi hautoshi kuamua. Vanishi haikuwemo kabisa.

#36 Fundi Bomba

Zaidi ya 1.5 ndo sisi. Yani watu wanagombana Marekani kuhusu 0.7 ya bomba lao, na huku kuna bibi anachota 9.

#37 Mwana wa Usa

Sasa nimeelewa divisheni 4 yangu ilitoka wapi 😂 mzee alinichapa bure.

Ila kusema kweli #36 imenikalisha kimya. Bibi yake bado yuko huko na wajukuu wengine wanne.

#38 Fundi Bomba

Nitumie inbox jina la kijiji na chanzo cha maji, bomba au kisima. Mradi mkubwa wa maji wa Arusha umesaidia wengi kwa kuchanganya maji ya visima vipya, ila haujafika kila kona. Tukipime kwanza, usinunue filta kwa kubahatisha.

#39 Mzee Mkongojo

Huyo mtoto alivyokuwa mchanga alitolewa meno ya plastiki? Siku hizi ndo yanaleta haya yote.

#40 Gego la Mwisho

Mzee shikamoo lakini hapa ntakuwa mkali. Hakuna meno ya plastiki. Kile cheupe mnachokiona kwenye fizi ya mtoto anayeharisha ni jino lake la utotoni halijatoka, mnamchokonoa kwa msumari au spoku ya baiskeli, mnatoa na mbegu ya jino la ukubwani. Anapata tetenasi, anatoka damu, wengine wanakufa. Mtoto akiharisha na homa mpeleke hospitali. Kwenye hili hakuna mjadala.

#41 Bibi Karafuu

Hapo nakuunga mkono mwanangu. Kwetu kuna mtoto wa jirani hana meno mawili ya mbonimboni mpaka leo, ana miaka 15. Namaanisha yale ya chonge.

#42 Kisauti

Mbonimboni 😂 Bi mkubwa tufungulie kamusi

#43 Msee wa Naks

Dokta, kabla thread haijafungwa, kuna mtu hafai kupakwa?

#44 Gego la Mwisho

#43 mwenye mzio na ule utomvu, ni wa msonobari, kama plasta zinamuwasha aseme mapema. Mwenye vidonda vibichi vya fizi asubiri. Mwenye pumu iliyowahi kumlaza hospitali amwambie dokta kabla.

Na mleta mada, kama 50 ni nzito, uliza hospitali ya wilaya au ya misheni, #20 kalipa 20. Kwa yale mawili yanayoanza kuna nyingine pia, floraidi yenye madini ya fedha, WHO wameiweka kwenye orodha ya dawa muhimu mwaka 2021. Inasimamisha tundu bila kuchimba. Ubaya wake ile sehemu iliyooza inakuwa nyeusi kabisa.

#45 Mwana wa Usa

Nyeusi?? Tumetoka kahawia tunaenda nyeusi. Hapana mkuu, hiyo nimepita. Ngoja niongee na mama yake ntaleta mrejesho.

#46 Tangawizi Kavu

Nimekaa paleee nasubiri mrejesho

#47 Mwana wa Usa

Wakuu nimerudi, ni wiki ya pili sasa.

Nlimpeleka sehemu nyingine, elfu 25, wamepaka yote na kuziba mifereji kwa magego manne ya nyuma kwa bei yake tofauti. Dogo hakulia, alilalamika tu ladha. Meno yakawa ya njano njano yamenata, tukaambiwa asipige mswaki mpaka kesho. Jioni ile ile bibi yake kapiga video kutoka Maji ya Chai, dogo kacheka kwenye simu. Mama kaniangalia kimya, halafu akasema, "Afadhali mmemrudisha kwetu, nilianza kumsahau."

Kesho yake asubuhi rangi ilitoka ila lile doa liko palepale, niliambiwa vanishi haigusi doa, hilo ni kazi nyingine akikua. Ubuyu tumekubaliana siku ya Jumamosi, amalize mkupuo mmoja. Mama yake ndo anayeuficha, na mama yake ndo nimemkuta anautafuna jikoni saa nne usiku.

Fundi Bomba, kipimo cha kisima cha mama kimetoka 6.2. Nimeshanunua simtanki la kukinga mvua. Amekubali maji. Magadi amesema nimkute kaburini.

#48 Tangawizi Kavu

Kwaiyo umelipa na ubuyu umepunguza na maji umebadilisha. Asipotoboka tena mwaka huu utajuaje ni vanishi?

#49 Gego la Mwisho

Sitabishana na hilo.

#50 Kimya Kimya

Mi msomaji tu siku zote. Naomba kuuliza, mwenye meno ya kupachika anaruhusiwa vanishi au ndo ya seremala?